Doa la Masizi

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Pasi alifua shuka za hospitali. Shuka, mapazia, makoti ya madaktari, blanketi za watoto wachanga, vyote vilipita mikononi mwake ndani ya chumba kimoja kirefu chenye mashine sita, na mashine hizo zilinguruma kutwa kucha kama lori lililokwama matopeni. Alipostaafu, wakubwa walimpa saa ya ukutani na cheti chenye fremu. Mashine nazo zilikuwa zimeshachukua chao mapema: masikio yake.

Hakuwa kiziwi kabisa. Mlango ukibamizwa alisikia, na gari zito likipita alisikia. Lakini maneno ya watu yalimfikia yakiwa yameng'atwang'atwa, yamebaki mifupa mitupu. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni, kikawa kinampigia mluzi siku nzima, akakitupa kwenye kopo la vifungo na hakukitazama tena. Akajitungia dawa yake mwenyewe. Ukimwambia jambo lolote anatabasamu, anatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo, bila shaka."

Mkewe alikuwa mkunga, naye amestaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nyembamba kuliko yeye mwenyewe. Nusu ya vijana wa mtaa ule walitua duniani mikononi mwake. Alimwita mumewe Baba Pacha, kwa sababu ya mapacha wao ambao sasa walikuwa watu wazima na nyumba zao mbali, naye mume akamwita Mama Pacha. Kila alipotaka kumwambia neno alipaza sauti, na kadiri alivyoipaza ndivyo ilivyozidi kupanda na kuchongoka, mpaka majirani wakasikia yote na mwenyewe asiambulie kitu. Mwisho akachoka. Miaka tisa ikaenda hivyo: watu wawili waliopendana vizuri tu, wakila meza moja, mmoja akionyesha chumvi kwa kidole na mwingine akiisogeza.

Chumba cha mbele cha nyumba yao Mzee alikigeuza kuwa duka la dobi. Kazi yake ilikuwa safi, hakuna aliyebisha. Mstari wa suruali aliounyoosha yeye ungeweza kukukata kidole. Madoa ya wino, ya kutu, ya chai iliyolala wiki nzima, yote yalimjua na kumwogopa. Tabu ilikuwa kumpata. Yeye yuko nyuma ya pazia na mvuke wake, mteja yuko mbele anagonga kengele ndogo ya kaunta, ting ting ting, anakohoa, anaita, anaangalia saa, anaondoka na furushi lake. Mzee akitoka anakuta kaunta tupu, anasema moyoni kwamba watu wa siku hizi hawavai nguo safi.

Miongoni mwa waliokuwa na subira ya kungoja alikuwamo mwalimu wa muziki, binti wa miaka thelathini hivi aliyefundisha shule ya jirani. Asubuhi moja aliingia na blauzi zake tano kama kawaida, na mkono wa pili amebeba kikapu chenye kifuniko. Bahati nzuri Mama Pacha alikuwapo, anapanga viango vya nguo.

"Shikamoo, mama. Nina ombi kubwa, naona hata haya," alisema mwalimu. "Nimepata nafasi ya masomo, mwaka mmoja na nusu. Nyumba nitakayokaa huko hawataki mnyama yeyote. Nimefikiri nimwachie nani paka wangu, sikuona watu wengine ila nyinyi."

Mama Pacha alifungua kinywa kukataa kwa adabu. Hajakisema alichotaka kusema, kikapu kikasema chake. Ilitoka humo ndani sauti nzito ya mkwaruzo, kama mlango wa ghala unaoburutwa sakafuni. Pazia likafunguka. Mzee Pasi alisimama pale na pasi mkononi, macho yamemtoka.

"Nani huyo anayeita?" aliuliza.

Wanawake wakatazamana. Mwalimu akainua kifuniko. Akachomoza paka mwembamba mrefu, mwili rangi ya krimu, lakini uso, masikio, miguu na mkia vya kahawia iliyokolea karibu nyeusi, mtu angedhani amechungulia ndani ya chungu kilichoungua kisha akakanyaga majivu. Katikati ya weusi ule macho mawili ya buluu yalimkazia Mzee. Paka akasema tena, neno refu lenye malalamiko.

"Bila shaka," akajibu Mzee Pasi, na safari hii hakuwa anabahatisha. Alikuwa amesikia kila kitu.

Paka akabaki. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa refu kama treni, na chini yake yalipangwa majina ya baba na mama yake, na ya mababu na mabibi pande zote mbili. Mama Pacha alikisoma cheti kile akaguna. "Paka anawajua wakubwa wake mpaka kizazi cha tatu! Sisi babu yako mzaa mama tulimtafuta kwenye karatasi za shamba tukamkosa." Jina refu likawekwa kabatini pamoja na cheti, na paka akaitwa Masizi.

Mwalimu alikuwa ameacha pia karatasi mbili alizoziandika kwa mkono, maelezo ya namna ya kumtunza. Mzee alipenda kusoma kwa sauti, maana kusoma hakuhitaji masikio. Jioni ile alivaa miwani akasoma mezani, na Masizi amekaa katikati ya sahani kama mwenyekiti wa kikao.

Paka wa aina hii, mwalimu aliandika, asili yao ni nchi iliyoitwa Siamu, ambayo leo ni Thailand. Huko waliandikiwa mashairi na kuchorwa vitabuni zamani sana, na inasemekana waliishi pia katika nyumba za wafalme. Katika karne ya kumi na tisa wachache walisafirishwa hadi Uingereza, wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya paka. Kuna aliyewaona akaandika kwamba ni paka wa ndoto mbaya. Wengine waliwapenda papo hapo, na ndiyo sababu leo wametapakaa dunia nzima.

"Ndoto mbaya ni yeye aliyeandika," alisema Mzee, akamkuna Masizi kidevuni.

Akaendelea. Paka wa zamani wa aina hii wengi walikuwa na makengeza, na mkia uliopinda nchani. Hadithi ya kubuni inasema binti mfalme alipokwenda kuoga alimvisha paka wake pete mkiani, na paka akaukunja mkia zisidondoke, basi haukunyooka tena. Masizi ana pindo dogo, ukipapasa nchani utalihisi. Mama Pacha, mkunga wa miaka mingi, alipapasa papo hapo kwa vidole vya kazi, akatikisa kichwa kukubali: lipo.

Sehemu ya mwisho ilipigiwa mstari. "Ni mzungumzaji sana. Akisema, mjibu. Hapendi kuachwa peke yake, na atachagua mtu mmoja wa kumfuata kila aendako."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzungumzaji ameletwa kwa Baba Pacha! Haya, tutaona."

Waliona. Masizi alimchagua Mzee kabla hata kikapu hakijapoa. Asubuhi alimwamsha kwa hotuba. Akinyoa, Masizi kwenye ukingo wa beseni anatoa maoni. Akipiga pasi, Masizi kwenye rafu juu ya meza, pale mvuke unapopanda, anahesabu mashati kwa macho. Na mteja akiingia, Masizi anaruka kaunta na kutangaza. Hakuna haja ya kengele. Mzee anasikia lile gurumo, anaweka pasi wima, anatoka anapangusa mikono. "Karibu, karibu! Karani wangu kaniambia upo."

Habari zikaenea. Watu wakaleta nguo hata zisizokuwa na mikunjo, ili tu wamwone paka anayesema. Mzee akawa na la kusimulia, na mtu mwenye la kusimulia hachelewi kupata wa kumsikiliza. Aliongea na Masizi kutwa nzima. Mama Pacha, akichambua maharage jikoni, alimsikia mumewe akieleza siri za madoa ya wino, akitaja majina ya wenzake wa hospitali ambao yeye mkewe hakuwahi kuyasikia, akicheka peke yake. Alifurahi. Lakini siku moja alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Paka unamsikia, mimi je?"

Mzee aligeuka akatabasamu. "Ndiyo, ndiyo, bila shaka."

Basi ikafika siku ambayo Masizi aliruka uzio wa jirani akachanika ubavuni kwa msumari. Kidonda chenyewe hakikuwa cha kutisha, ila kilitaka kushonwa. Mzee, aliyefua damu za watu miaka ishirini na tisa, hakuweza kuitazama ikiwa mbichi. Alikaa chini kwenye furushi la mashuka akageukia ukuta. Mama Pacha ndiye aliyemfunga Masizi kwenye taulo na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Wakarudi salama, kidonda kimeshonwa nyuzi nne, na mahali pale pamenyolewa manyoya, pana kama kiganja.

Ulikuwa msimu wa baridi. Wiki zikapita, nyuzi zikatolewa, manyoya yakaanza kurudi. Yakarudi meusi.

Mwanzo Mzee alidhani ni kivuli. Akamsogeza Masizi dirishani. Kivuli kikaja naye. Katikati ya ubavu ule wa krimu palikuwa na doa la kahawia nzito, duara kabisa, kama mtu amemwekea kikombe cha chai na kukisahau. Na wiki hiyohiyo ikaja barua ya mwalimu: amemaliza mitihani, miezi mitatu ijayo atakuwa amerudi, anamkumbuka paka wake kila siku.

Mzee Pasi alishindwa kula. Tangu afungue duka lake hakuwahi kumrudishia mtu kitu kikiwa na doa ambalo hakikuja nalo. Hata kitambaa cha leso. Sasa mtu alimwamini na roho hai, yenye cheti na mababu, naye amrudishie imechafuka? Alipasha maji ya uvuguvugu, akatoa sabuni ya watoto, akakunja mikono ya shati. Mama Pacha alishika upande wa kichwa. Masizi alishitaki kwa mtaa mzima. Majirani walitoka nje, mmoja akauliza kama kuna mtu anajifungua. Wakamsuuza, wakamkausha kwa taulo la moto, wakamtazama. Doa lilikuwa limetakata, limependeza, jeusi kuliko lilivyokuwa.

"Halitoki," alisema Mzee kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mkewe alimwandikia kwenye ubao wa kuandikia oda: TWENDE KWA DAKTARI. WOTE.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa miraba minne, mikono yake imezoea kuvuta ndama. Alimweka Masizi mezani, akalitazama doa, akaanza kucheka taratibu, tumboni.

"Mzee, hili si doa. Huyu paka ana rangi inayopikwa na baridi. Pale mwili wake unapopata joto, manyoya yanatoka meupe. Pale panapopoa, kama masikio, pua, miguu na mkia, yanatoka meusi. Ndiyo maana wakizaliwa ni weupe pee, kama pamba. Tumboni mwa mama yao kote ni joto. Wakishatoka nje ndipo ncha zinaanza kuchovya weusi, siku baada ya siku. Sasa mimi nilimnyoa ubavu msimu wa baridi, ngozi ikabaki uchi ikapoa, manyoya yakadhani ni sikio."

Mzee Pasi alimsikiliza bila kupepesa. "Kwa hiyo likipata joto?"

"Akipukutisha manyoya haya, mapya yatatoka meupe kama zamani. Mpe joto tu. Si wewe ni mtu wa pasi?"

"Na hatabaki na alama?"

"Labda kivuli kidogo kwa muda. Hakuna kingine."

Mama Pacha alikuwa amesimama kando, mdomo wazi. Si kwa habari ya manyoya. Alimshika daktari mkono. "Mwanangu, umefanyaje?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Umeongea naye. Amekujibu. Amekuuliza maswali!"

Mzee mwenyewe naye akawa ameduwaa. Ni kweli. Mbona huyu anamsikia? Daktari akawatazama wote wawili, akauliza alifanya kazi gani ujanani. Akaambiwa habari za mashine. Akaitikia polepole.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe, si wa watu, kwa hiyo mpelekeni kwa wenye kazi yao wampime upya. Lakini baba yangu alifanya kazi kwenye kinu cha mbao, namjua mtu wa namna hii. Kelele za mashine zinaua kwanza sauti nyembamba. Nene zinabaki. Mimi nimezoea kushusha sauti, maana ng'ombe ukimpigia kelele anakimbia. Na huyu hapa," akampiga Masizi begani, "paka wa kawaida analia juu. Wa aina hii analia chini, kifuani. Wewe mama sauti yako ni kama filimbi, na ukipaza ndiyo inapaa zaidi. Usipaze. Ishushe. Jaribu."

Mama Pacha aliona haya. Alikohoa. Alijaribu mara ya kwanza ikatoka kama mtu mwenye mafua, na daktari akacheka. Akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi kama alivyokuwa akiwafundisha wazazi kuvuta, na akaileta sauti kutoka chini kabisa, nzito, ya kukwaruza kidogo.

"Baba Pacha," alisema. "Umekonda. Twende nyumbani ukale."

Mzee Pasi hakusema ndiyo. Hakusema bila shaka. Alimgeukia mkewe akasema, "Unasema nimekonda? Wewe umenipikia maharage siku nne mfululizo!"

Walicheka wote watatu mpaka Masizi akadai kujua kuna nini.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa kama imepata wageni. Mama Pacha alikuwa na akiba ya miaka tisa. Alianza na ya karibu, akarudi nyuma. Koo lilimuuma wiki ya kwanza, akanywa maji ya moto na kuendelea. Na hapo ndipo Mzee alipojua alichokuwa akikubali.

"Nilikuuliza kama nimpe dada yangu redio yako ya zamani. Ukasema ndiyo, bila shaka."

"Redio yangu! Mimi nimeitafuta miaka mitatu!"

"Nikakuuliza tupake chumba cha kulala rangi ya kijani. Ukasema ndiyo."

"Nilidhani ni wewe umeamua kunikomoa."

"Na nikakuuliza kama bado unanipenda."

Mzee aliweka kijiko chini. "Hilo nalo nilijibuje?"

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka," alisema Mama Pacha kwa sauti yake mpya ya kifuani, na wakapasuka.

Kwa upande wa doa, Mzee hakuacha jambo kwa bahati. Alikata pajama lake kuukuu la flaneli, akalishona fulana ndogo yenye vifungo viwili vya pembeni, akaipiga pasi na kumvisha Masizi ikiwa bado ya moto. Masizi alianguka ubavu kama mzigo uliotupwa, akalala hapo saa nzima akiitukana familia. Kisha akagundua kwamba fulana ina joto. Kesho yake alikaa mwenyewe mbele ya meza ya pasi akingoja avishwe. Wateja walivunjika mbavu. Mama mmoja aliomba ashonewe ya mtoto wake.

Manyoya ya zamani yakapukutika kidogo kidogo, yakajaa kwenye fulana kama pamba ya mto, na chini yake yakachipua mapya. Mzee aliyakagua kila asubuhi kwa miwani na mwanga wa dirisha. Meupe.

Mwalimu wa muziki alirudi siku ya Jumamosi, amenenepa kidogo na amevaa miwani mipya. Aliita jina refu la kwenye cheti. Masizi alikuwa kwenye rafu. Alimtazama, akamgeuzia mgongo, akaanza kuramba mguu kana kwamba hajaona mtu. Kisha ghafla akashuka, akamrukia kifuani, na akamgombeza kwa karibu nusu saa bila kumeza mate, mwaka mmoja na nusu wote, siku kwa siku. Mwalimu alilia na kucheka kwa pamoja.

Mzee Pasi alingoja wamalizane. Akapiga moyo konde, akamgeuza Masizi ubavu, akaonyesha kivuli hafifu kilichobaki, chembamba kama alama ya maji kwenye hariri.

"Mwalimu, nakurudishia na doa. Nimejitahidi, lakini lipo. Niwie radhi."

Mwalimu aliinama akatazama, akaishusha sauti kama Mama Pacha alivyokwisha kumwelekeza. "Hili? Mzee wangu, si kwa sababu ya kunyolewa? Alipofungwa kizazi walimnyoa tumbo, akatembea na kiraka cheusi miezi mingi. Sikukuandikia kwenye zile karatasi?"

"Hukuniandikia."

"Lo! Nilisahau."

Mama Pacha ilibidi akae chini, kwa jinsi alivyocheka.

Walikubaliana bila mjadala mrefu. Mwalimu alikuwa shuleni tangu asubuhi hadi alasiri, na Masizi hakuwa wa kuachwa na kuta. Basi kila siku ya kazi mwalimu alipita dukani na kikapu, akamwacha paka wake kwenye rafu ya mvuke, na akirudi alasiri alimkuta pamoja na blauzi zake zilizonyooshwa. Nyumbani kwake ulikuwa usiku wa Masizi. Mchana ulikuwa wa kaunta.

Mapacha walipokuja likizo hawakuelewa kilichoipata nyumba ya wazazi wao. Mama yao anaongea kama mwanaume wa kwaya, baba yao anabisha kila kitu. Siku ya pili walikuwa wamekaa barazani na baba, wanakunywa chai, na mama yuko jikoni, kuta mbili katikati, haonekani.

"Baba Pacha," sauti nene ikatoka huko ndani, "hivi hawa watoto umewaambia habari za fulana ya flaneli?"

Mzee Pasi hakugeuza hata kichwa. Alipuliza chai yake.

"Bado," akajibu. "Njoo wewe uwaambie, maana mimi unasema natia chumvi."